Uyoga na Miti Yake

Mvua za kwanza zinyeshapo katika nchi ya miombo, watu huchukua vikapu wakaenda porini kutafuta uyoga. Wengi wao ni wanawake na watoto. Mgeni awafuataye kwa mara ya kwanza hustaajabu, maana hawaendi huko na huko wakiinama kama watu waliopoteza sindano. Hutembea wakitazama juu. Hupita miti mingi wasisimame, kisha hufika mahali ambapo mgeni haoni tofauti yo yote na pale walipopita, nao husimama, hufukua majani makavu kwa kijiti, na uyoga upo. Mwaka ujao watarudi mahali pale pale, na yamkini watauona tena.

Basi wamejuaje? Si uganga, wala si bahati. Wanaijua miti. Kila aina ya uyoga ina mahali pake pa kupatia chakula, na kwa uyoga ulio bora katika pori la miombo mahali hapo ni mizizi ya miti fulani, si ya miti yote. Mtu aijuaye miti hiyo amekwisha kuifanya nusu ya kazi kabla hajainama.

Kwanza yatupasa kujua uyoga ni kitu gani. Kile tunachokichuma na kukipika ni kama tunda tu. Mwili wa uyoga wenyewe umo ndani ya udongo, nao ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizotanda pande zote. Inua majani yaliyooza wakati wa masika, nawe utaona utando mweupe kama wa buibui: hizo ndizo nyuzi zenyewe. Zaweza kuishi humo miaka mingi bila mtu kuziona. Mvua ikinyesha ya kutosha na ardhi ikiwa na joto, nyuzi hukusanyika, zikajifunga pamoja, na kwa siku chache hutoa tunda lenye shina na kofia. Kazi ya tunda hilo ni kumwaga mbegu zake, ambazo ni ndogo kama vumbi, zipeperushwe na upepo.

Tena uyoga hauna rangi ya majani. Kwa hiyo hauwezi kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua kama mahindi yafanyavyo. Sharti uishi kwa chakula cha mwingine. Uyoga mwingine hula vitu vilivyokufa, kama magogo, mabua na samadi. Ndio sababu uyoga wa mamama waweza kupandwa nyumbani, juu ya mabua au pumba zilizochemshwa, nao ukazaa vizuri pasipo mti wo wote kuwa karibu.

Uyoga mwingine hulishwa na mchwa. Jambo hili ni la ajabu, nami sitaki kulipita bila kulitaja. Mchwa wajengao vichuguu vikubwa hutafuna miti mikavu na majani makavu, kisha hutengeneza ndani ya kichuguu vitu kama masega ya nyuki, na juu ya masega hayo huotesha nyuzi za uyoga, wakazitunza kama mkulima atunzavyo shamba, na kuzila. Mvua zinapokuja, nyuzi hizo hupeleka juu shina refu lipenyalo udongo hata nje, na hapo watu huona uyoga mkubwa mweupe juu ya kichuguu au kando yake. Ukiufukua polepole utaona shina likiendelea chini kama mzizi mrefu. Katika Zambia uko wa jamaa hii ambao kofia yake yaweza kufika upana wa meta moja. Wataalamu waliupa jina lake, Termitomyces titanicus, mwaka 1980, lakini wenyeji walikuwa wakiula zamani sana. Basi atafutaye uyoga huo hana haja ya kujua miti, atafute vichuguu.

Aina ya tatu ndiyo habari yetu hasa. Huu hauli miti iliyokufa, wala hauna mchwa wa kuutunza. Umefanya mapatano na mti ulio hai.

Aliyelieleza jambo hili kwanza alikuwa Mjerumani mmoja, Albert Bernhard Frank. Serikali ya Prussia ilimwagiza atafute njia ya kupanda trufi, yaani uyoga wa thamani sana uotao chini ya ardhi katika misitu ya Ulaya, hasa penye mialoni. Hakufaulu kuupanda. Walakini alipochunguza mizizi ya miti aliona kwamba ncha zake ndogo zimefunikwa pande zote na nyuzi za uyoga, kama vidole vilivyovikwa soksi, na miti yenye soksi hizo haikuwa na ugonjwa wo wote. Mwaka 1885 aliandika kwamba mti na uyoga wameungana, na kwamba nyuzi zile ni kama mama mnyonyeshaji wa mti. Wataalamu wengi wa siku zile walikataa kumsadiki. Waliona kwamba kitu kama kile mizizini hakiwezi kuwa ila ugonjwa.

Leo twajua ya kuwa Frank alisema kweli. Mti hutengeneza sukari katika majani yake, na sehemu ya sukari hiyo huiteremsha mizizini, nyuzi za uyoga zikaila. Nazo nyuzi, kwa kuwa ni nyembamba na nyingi mno, hupenya mahali ambapo mzizi haufiki, zikaleta maji na chumvi za udongo ambazo mti unazihitaji. Udongo wa nchi ya miombo kwa sehemu kubwa ni wa mchanga na hauna rutuba nyingi. Mtu akiutazama huuliza miti mikubwa namna ile yapata wapi nguvu. Jibu moja ni nyuzi hizo.

Lakini si kila mti una mapatano ya namna hii. Mwaka 1982 mtaalamu wa Sweden, Peter Högberg, alitoa habari za mizizi ya miti aliyoichimba katika Tanzania. Alionyesha kwamba miti iliyo mingi kuliko yote katika pori la miombo ina soksi hizo mizizini, na ile mingine iliyosimama pamoja nayo haina. Mninga ni mfano mzuri. Kila fundi seremala anauthamini, na ni rahisi kuutambua kwa tunda lake la mviringo lenye bawa pande zote na miiba katikati, na kwa utomvu wake mwekundu kama damu. Mizizini una vinundu vidogo, kama mti wa kunde, tena umeungana na kuvu ya namna nyingine isiyotoa uyoga wa kuonekana. Kwa hiyo mtu akitafuta chini ya mininga mitupu atarudi na kikapu kitupu. Mpingo nao ni hivyo hivyo.

Sasa tuitazame miti itupasayo kuijua. Angalia kwamba majina hubadilika kabila kwa kabila, hata jina moja laweza kuwa la mti mmoja huku na la mti mwingine kule. Kwa hiyo usitegemee jina peke yake. Jifunze jani, ganda na gome.

Miombo ni miti ya jamaa moja, nayo huenea toka Angola hata Msumbiji. Katika Tanzania imejaa Tabora, Katavi na Kigoma, na tena Iringa, Ruvuma na Lindi. Alama yake ya kwanza ni jani. Jani moja ni kijiti chembamba, na juu ya kijiti hicho majani madogo yamepangwa mawili mawili, moja upande huu na jingine upande wa pili, wala hapana jani moja lililobaki peke yake kwenye ncha. Alama ya pili ni ganda. Ni gumu kama ubao, bapa, na likikauka hupasuka kwa kishindo, pande zake mbili zikajipinda na kuzirusha mbegu mbali. Mtu apitaye porini katika miezi ya ukavu husikia mlio huo juu ya kichwa chake. Alama ya tatu huonekana mara moja kwa mwaka, mnamo Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Miti mingine ingali mitupu, lakini miombo hutoa majani machanga yenye rangi nyekundu na ya shaba, na mlima mzima huonekana kama unaowaka. Huo ndio wakati mzuri kwa mtu mwenye akili kutembea na kuweka alama, maana siku hizo miombo hujitangaza yenyewe hata kwa mtu aliye mbali. Mvua zikija, majani yote yatakuwa ya kijani na kazi ya kupambanua itakuwa ngumu.

Katika jamaa hiyo mtundu ni mmoja wa ile iliyo mingi. Jani lake lina jozi tatu au nne za majani madogo, mara chache tano, na jozi ya mwisho, iliyo kwenye ncha, ndiyo kubwa kuliko zote. Mti huo huo umo katika msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na pwani ya Kenya, ambako Wagiriama huuita mrihi. Mtondoro hufanana nao sana, hata watu wengi huchanganya, lakini jozi zake ni tano au sita, na zile za katikati ndizo kubwa. Tena maganda yake yana manyoya mafupi laini ya rangi ya hudhurungi, ukiyapapasa ni kama mahameli, nayo husimama juu ya majani badala ya kujificha ndani. Myombo wenyewe, ambao jina lake limepewa pori lote, una majani madogo mengi mno, jozi 14 hata 28, nalo jani zima huning'inia kama unyoya wa ndege. Gome la ndani la myombo hutoa kamba nzuri, na kwa magome ya miti ya jamaa hii watu wa Tabora wametengeneza mizinga ya nyuki tangu zamani.

Mkusu hauna jani la namna hii. Jani lake ni moja moja, pana, gumu kama ngozi, nayo majani hukusanyika penye ncha za matawi kama shada la maua. Huota sana kwenye miteremko yenye mawe na udongo hafifu. Watoto wa Songea na Iringa hawana haja ya kuambiwa habari zake, maana matunda yake matamu wanayajua. Mkongo, ambao pwani huitwa mbambakofi, hujulikana kwa ganda lake nene lenye mbegu nyeusi zinazong'aa, kila mbegu imevaa kofia nyekundu. Nao pia mizizi yake imeungana na uyoga.

Ukitaka kuhakikisha, huna haja ya chombo cha kitaalamu. Fukua udongo polepole karibu na mti, kidole kimoja au viwili tu kwenda chini, ufuate mzizi mwembamba hata mwisho wake. Uoshe katika maji. Ikiwa ncha zake ni fupi, nene, zenye matawi madogo kama vidole, na zimefunikwa na kitu cheupe, cha manjano au cha kahawia, basi umeziona soksi alizoziona Frank. Kisha rudisha udongo.

Na chini ya miti hiyo huota uyoga gani? Ulio maarufu ni ule wa rangi ya manjano au ya machungwa, ambao wataalamu huuita Cantharellus, na kila kabila la miombo lina jina lake. Umbo lake ni kama faneli. Chini ya kofia una mikunjo iteremkayo mpaka kwenye shina, wala hapana mahali panapoonyesha wazi kwamba kofia imekoma hapa na shina limeanza hapa. Katika nchi za miombo huuzwa kwa ndoo na kwa masinia kando ya barabara. Mwingine ni uyoga wa maziwa: ukiuvunja hutoa utomvu mweupe. Mwingine tena ni uyoga mkubwa mweupe wenye pete shinani na kifuko chini ya shina, wa jamaa iitwayo Amanita, nao huliwa na watu wengi katika Zambia na kusini mwa Tanzania. Habari za jamaa hiyo ya mwisho nitazirudia, maana ina ndugu wabaya.

Mwaka 2003 wataalamu watatu, Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland pamoja na Leonard Mwasumbi wa Tanzania, walitoa kitabu kizima juu ya uyoga wa Tanzania. Sehemu kubwa ya maarifa yaliyomo waliipata kwa wenyeji wa vijijini, watu ambao wengi wao hawakupata kusoma kitabu cho chote cha elimu ya mimea. Nadhani ni heshima waliyostahili.

Watu wa nchi nyingine nao hutafuta uyoga kwa kuutambua mti. Katika Marekani uko uyoga uitwao moreli, wenye kofia ya mashimo mashimo kama sega la nyuki na uwazi ndani toka juu hata chini. Huota majira baridi inapokwisha. Watafutaji wa majimbo ya kati na mashariki huutafuta hasa chini ya mti uitwao elmu. Lakini wao hawatafuti elmu iliyo hai, bali iliyokufa karibuni, ambayo gome lake limeanza kubanduka. Mnamo mwaka 1930 iliingia Marekani maradhi ya kuvu yachukuliwayo na mende wadogo, yakaua miti ya elmu kwa mamilioni, na mahali pengi watu waliona moreli nyingi penye miti iliyokuwa ikifa. Mavuno hayo hayadumu. Mti ukishakufa, moreli huja kwa muda mfupi, kisha hukoma, na mtafutaji hana budi kwenda kutafuta mti mwingine. Kule Marekani pia uko uyoga wa hila unaofanana na moreli na wenye sumu. Ukiupasua hauna uwazi mmoja safi ndani.

Miombo yetu si hivyo. Mti ulio hai huzaa uyoga wake mwaka hata mwaka, nao ukiondolewa uyoga hukoma.

Ushahidi wa nguvu za mti juu ya uyoga twauona Sao Hill, katika wilaya ya Mufindi, ambako pana mashamba makubwa ya misonobari. Misonobari si miti ya nchi hii, ililetwa. Katika nchi mbalimbali za Afrika wapandaji wa kwanza waliona miche yao ikigeuka rangi ya manjano na kudumaa, ingawa ilipata maji na jua. Walipochukua udongo kutoka chini ya misonobari iliyokwisha kukua mahali pengine, wakauchanganya katika vitalu, miche ilipata afya. Udongo ule ulikuwa na nyuzi. Na leo chini ya misonobari ya Mufindi huota uyoga wa kahawia wenye kofia ya utelezi, ambao chini ya kofia hauna kurasa bali vitundu vidogo kama sifongo. Kabla ya misonobari kuja uyoga huo haukuwako. Nao uyoga wa miombo hauhamii katika shamba la misonobari.

Ndiyo maana ukataji wa miombo ni jambo zito kuliko lionekanavyo kwa mtu apimaye kuni tu. Miti mingi hukatwa kwa kuchoma makaa na kwa kukausha tumbaku, na mingine huondolewa ili kupata mashamba. Mtu husema, mti umekwenda lakini ardhi ipo. Ni kweli ipo, lakini nyuzi zilizomo zimenyimwa sukari, nazo hufa kwa njaa. Hapana awezaye kupanda uyoga wa manjano shambani mwake kama apandavyo mamama. Tena uyoga huo huja katika miezi ya mvua, wakati ghala nyingi zimekwisha na mahindi mapya hayajakomaa. Familia iliyokuwa ikila mboga hiyo na kuuza iliyosalia hukosa chakula na fedha kwa pigo moja.

Kuna faraja moja. Miombo haifi upesi. Kisiki kilichobaki ardhini hutoa machipukizi, na mizizi ikiendelea kuishi, nyuzi nazo zina kwao. Pori lililokatwa likaachwa laweza kutoa uyoga tena. Lakini visiki vikisha kung'olewa, na jembe likapita miaka mingi, hapana la kutumaini.

Sasa sikilizeni neno la hatari. Mti huonyesha mahali; hauonyeshi kwamba uyoga ni salama. Chini ya mtundu ule ule waweza kuota uyoga wa kuliwa na uyoga wa kuua, umbali wa hatua moja. Katika jamaa ya Amanita, niliyoitaja kwa sifa, wamo wale wanaosababisha vifo vingi vya uyoga duniani kuliko wengine wote. Nao sumu yao ni ya hila. Mtu hula, hufurahi, hulala. Baada ya saa 6 hata 24 huanza kutapika na kuhara sana. Kisha siku ya pili au ya tatu hupata nafuu, na jamaa zake hushukuru wakidhani amepona. Wakati huo huo sumu inaliharibu ini lake. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo, wala kukausha juani.

Uko pia uyoga uotao penye majani mafupi, katika viwanja na karibu na nyumba, mbali na miti ya miombo. Ni mkubwa, mweupe, mzuri wa kutazama, na kurasa zilizo chini ya kofia yake hugeuka kuwa za kijani ukikomaa. Huo hauui kwa kawaida, bali hutapisha na kuharisha vikali kwa saa chache. Watu huudhania kuwa uyoga wa kichuguu. Ukiona rangi ya kijani chini ya kofia, acha.

Watu wana majaribio mengi ya kupambanua uyoga mbaya. Wengine husema, ikiwa konokono au wadudu wameula, mtu aweza kuula. Wengine hutia fedha au kitunguu katika sufuria na kungoja kibadilike rangi. Yote hayo ni uongo, na yamewaua watu. Konokono hula uyoga ambao ungemwua mtu. Njia ni moja: jifunze aina moja moja kutoka kwa mtu aliyeichuma na kuila miaka mingi mahali hapo hapo, uione ikiwa changa na ikiwa imekomaa, na ikiwa huna hakika usiitie kikapuni. Mtu aliyehama kutoka nchi nyingine awe mwangalifu zaidi, maana uyoga aliouzoea kwao waweza kuwa na ndugu asiyemjua huku ugenini. Mtoto asichume peke yake.

Unapochuma, usikate shina juu ya udongo ikiwa hujautambua uyoga sawasawa. Ung'oe wote polepole hata chini, kwa sababu kifuko kile cha Amanita hufichwa ardhini, na mtu akatayeye juu huiacha alama iliyo bora kuliko zote. Ulioharibika na uliooza uuache. Tumia kikapu, si mfuko wa plastiki, maana uyoga hutoka jasho na kuoza upesi. Sehemu yake kubwa ni maji. Uliotambulikana huoshwa, hupikwa vizuri, na wengi huutia karanga zilizotwangwa. Mwingine hupasuliwa vipande, hukaushwa juu ya mkeka, ukawekwa kwa miezi ya kiangazi.

Ikiwa mtu amekula na akaanza kuumwa tumbo au kutapika, hata kama ni siku ya pili yake, asingoje aone kama atapata nafuu. Apelekwe hospitali mara moja, na wote waliokula naye waende pamoja naye, hata wasiosikia maumivu. Mabaki ya uyoga yachukuliwe pia, yaliyopikwa na yasiyopikwa, hata maganda yaliyotupwa jaani, na mtu aseme ulichumwa wapi, chini ya mti gani, na chakula kililiwa saa ngapi.